Limezikwa Hadi Shingoni

Mwaka ule mvua ya mawe ilipotupiga hapa Kakheti
ilichukua dakika kumi na moja. Nilihesabu.
Nilisimama mlangoni na ufagio mkononi,
kana kwamba barafu ingeogopa ufagio,
na Ilarioni akikimbia katikati ya mizabibu
amejifunika beseni la kufulia,
jina la Mungu na matusi
vikimtoka kinywa kimoja.

Kisha jua likatoka,
jua safi, lisilo na habari.
Zabibu zilikuwa chini, changa, kijani,
kama shanga za mkufu uliokatika.

Sikulia. Niliingia ndani
nikaigeuza picha ya Bikira kwenye pembe ya mashariki
ikatazama ukuta.
"Na wewe," nikamwambia, "kaa hivyo hivyo."

Akakaa hivyo siku arobaini na mbili.
Padri Besarioni alikuja kubariki nyumba,
akaona, akanywa chai, akala jamu ya jozi,
akaondoka bila kuuliza neno.
Nilimchukia kwa kutouliza.
Sasa namshukuru.

Lakini niseme kweli, kwa kuwa nina miaka sabini na tatu
na uongo huchosha magoti kuliko ngazi:
si mvua ya mawe iliyonilegeza kwanza.
Ulikuwa mwaka wa neema, miaka sita nyuma yake,
makasiki yetu yote saba yalipojaa
tukaazima pipa kwa Nazibrola.
Wanunuzi walikuja kutoka Tbilisi na magari meupe.
Nikanunua jokofu. Nikanunua viatu vya kisigino
ambavyo kijiji hiki hakina barabara ya kuvivalia.
Jumapili nilikuwa na shughuli.
Mshumaa nikampa mtoto wa Nazibrola akaniwashie,
sala ya kutuma mtu.
Hakuna aliyeniambia ninaanguka.
Anayeanguka kwenda juu
watu humpigia makofi.

Basi vuli ile, baada ya mawe,
hatukuwa na cha kukamua.
Ila kasiki tupu lazima lisuguliwe
la sivyo litaota ukungu,
na Ilarioni alikuwa na mabega ya fahali;
tangu tulipooana mwenye kupita mdomoni mwake ni mimi.
Nikateremka kwa ngazi, na brashi ya gome la mcheri.

Humo chini ni giza la mviringo.
Nikasema, "Kwa nini?"
Kasiki likanirudishia, "Kwa nini,"
taratibu, bila kunicheka.
Nikasugua. Nikasema tena, kwa hasira sasa,
nikasugua kwa hasira hiyo hiyo.
Halafu kiganja changu kikatulia ukutani,
nikakumbuka ule udongo uliochomwa
unene wake hauzidi vidole vitatu.
Kingewekwa juu ya ardhi chombo kile,
maji ya zabibu yakianza kuchemka na kupiga mateke
kingepasuka.
Kinachokishika ni kule kuzikwa:
dongo lile zito, baridi, lisilosema,
limekikumbatia kutoka kila upande,
mwaka wa kujaa
na mwaka wa kuwa tupu.

Sikuona nuru. Nilipiga chafya.
Nikamwita Ilarioni anishike mkono nitoke.

Picha nikaigeuza jioni, kabla ya kula.
Mgongo wake ulikuwa umejaa vumbi na buibui mmoja.
Uso ulikuwa safi.

Sasa Ilarioni yuko kilimani, kando ya kanisa;
yeye wamemzika kupita shingo.
Kijana wetu Zviadi anapaka rangi nyumba za watu Thesalonike
na hupiga simu anapokumbuka.
Msalaba wa mti wa mzabibu umening'inia juu ya jokofu,
mikono yake imeinama kama ya mtu aliyechoka
ambaye hata hivyo hajaishusha.

Mwaka huu zabibu ni za wastani.
Mshumaa nauwasha mwenyewe.
Kiberiti kikilowa, narudia.